Kengele Arobaini na Tatu

Mama yangu alipofariki, mimi ndiye niliyempigia kengele, na sikujua. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu sipendi watu wanaosimulia msiba wakimzungusha msikilizaji weee, ndipo mwishoni wamwambie ni nani aliyekufa. Alikufa mama. Nilimpigia kengele arobaini na tatu, na zilipaswa kuwa hamsini na mbili.

Hiyo tuliyoiita kengele ilikuwa kipande cha reli. Mapadri walikipata Emali, kwenye stesheni, wakakining'iniza kwa waya mnene juu ya tawi la mgunga nyuma ya jiko la chuo. Ulikigonga kwa boliti kubwa ya chuma iliyofungwa kitambaa upande wa kushikia. Kengele halisi, ya shaba, ilikuwa njiani ikija kutoka Ulaya muda wote niliosoma pale, na kwa kadiri nijuavyo mpaka leo bado iko njiani.

Chuo kilikuwa upande wa Kasikeu, juu ya mwinuko wa mawe, mbali na barabara kiasi kwamba mgeni hakufika ila awe amekusudia. Kulikuwa na majengo manne ya mawe, kanisa la paa la bati, na matangi mawili ya maji ambayo sehemu kubwa ya mwaka ukiyagonga yalikujibu. Wanafunzi hatukufika arobaini, wote wanaume. Tulisoma falsafa, Kilatini, historia, fasihi na muziki. Hatukusomea ualimu, wala udaktari, wala kilimo, ingawa kila alasiri tulishika majembe tukachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kama watu wengine wote wa Ukambani. Wachache wetu walikuwa wakielekea upadri. Waliobaki tulikuwa vijana tuliopita mtihani vizuri tukakosa pa kwenda.

Sokoni Kasikeu watu walikuwa wakituuliza, "Nyinyi mkimaliza huko juu mtakuwa nani?" Siku moja ya wazazi, mzee mmoja alisimama akamuuliza Padri Mkuu swali hilo hilo mbele ya wote. Padri Mkuu alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, aliyezungumza Kiswahili kizuri na polepole, kana kwamba kila neno analiweka mezani. Akasema, "Watakuwa watu." Wazazi wakapiga makofi, maana lilisikika kama jambo kubwa. Mama yangu, aliyeketi benchi la nyuma na kilemba cheupe cha akina mama wa kanisa lao, aliniinamia akaniuliza kwa Kikamba, "Kwani mpaka sasa ni nini?"

Nilicheka kwa sauti. Padri mmoja aligeuka akanikodolea macho.

Mama hakuwa Mkatoliki. Kwetu ni milimani, nje kidogo ya Kikima, na familia yetu ilikuwa ya kanisa la kiinjili ambalo halikuwa na sanamu, mishumaa wala kengele. Waliimba, wakahubiri, wakaenda shambani. Mara ya kwanza aliposikia ile reli ikilia saa sita mchana, na wanafunzi wote tukasimama kama tumegandishwa kusali Malaika wa Bwana, alikuwa na hamu sana ya kujua. "Mungu wenu haamki mpaka agongewe chuma?" Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa kiongozi wa mwethya, kikundi cha akina mama waliolimiana mashamba kwa zamu, na mtu aliyezoea kuwaamrisha wanawake ishirini wenye majembe haoni sababu ya kuyameza maneno mbele ya padri.

Aliniacha nikasome huko kwa sababu barua ya kuniita ilikuwa na muhuri.

Alianza kuugua mwaka wangu wa pili. Tumbo lilimvimba, mwili wote mwingine ukapungua. Hospitali ya misheni ilimlaza, ikamrudisha nyumbani na vidonge ndani ya karatasi. Nilipokwenda likizo ya Krismasi nilimkuta hawezi tena kushika jembe. Asubuhi alibebewa kigoda akaketi juu ya tuta, na kutoka hapo aliwaelekeza akina mama wa mwethya wachimbe wapi. Kelele zake zilikuwa zile zile. Nilitazama mikono yake juu ya magoti nikaona mifupa, kisha nikatazama kwingine.

Siku ya kurudi chuoni aliniuliza, "Utakuja tena lini?"

Nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba, "Baada ya mafungo, mwaitu. Yanaisha Ijumaa, Jumamosi nitakuwa hapa."

"Mafungo ni kitu gani?"

"Ni siku tano za sala. Hatuongei kabisa."

"Hata mkiona nyoka?"

"Tunanyamaza."

Akasema, "Basi njoo upesi kabla hujaumwa. Jumamosi hiyo nitakungoja." Akashika kiwiko cha mkono wangu, hapo pa ndani panapokunjwa, akakibinya mara moja kama mtu anayepima kama hindi limekauka. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu tangu siku ile: nifike Jumamosi, naye awe yupo. Sikuwa na lingine. Mitihani, Kilatini, mambo ya kuwa mtu, vyote vilikuwa nyuma ya Jumamosi hiyo.

Mafungo yalikuwa wiki ya pili ya Kwaresima. Wiki moja kabla, nilikwenda kwa Padri Mkuu nikamwomba ruhusa nisihudhurie. Nilimweleza hali ya mama. Alinisikiliza vizuri, mikono juu ya meza.

"Bado anakula?" aliuliza.

"Anakunywa uji, Fadha."

"Anazungumza?"

"Sana."

"Basi atakungoja. Anayekosa mafungo hurudia mwaka, unajua. Na familia yako haitafurahi urudie mwaka." Kisha akaongeza kwa upole, "Likitokea jambo, watatuletea habari."

Nikasema asante, Fadha. Sikumsihi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumsihi, na jibu ninalopata halinipendezi: nilikuwa nimefundishwa kutoka utotoni kwamba mtu akishajibu akiwa nyuma ya meza, mazungumzo yamekwisha. Angekuwa mama angevuta kiti akaketi.

Sasa nieleze habari ya kengele za wafu, maana ndiyo shina la haya yote. Pale chuoni, mzazi wa mwanafunzi yeyote au mfanyakazi yeyote akifariki, aligongewa reli kengele moja kwa kila mwaka wa umri wake. Haikujali kama alikuwa Mkatoliki au la. Padri Mkuu alisema mzazi ni mzazi. Kati ya kengele moja na nyingine mpigaji alitakiwa asali Salamu Maria moja kamili, kimoyomoyo. Mpigaji nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa na saa ya mkononi, zawadi ya mjomba wangu, na hakuna wengi pale waliokuwa na saa. Siku za kawaida Padri Mkuu alitangaza jina wakati wa chakula. Lakini siku za mafungo hakuna aliyetangaziwa lolote, barua hazikutolewa, wageni hawakuonana na mtu, ili kimya kisivunjwe. Kama kulikuwa na msiba wa mtu wa chuo, kikaratasi kiliwekwa ndani ya kijisanduku cha mbao kilichopigiliwa kwenye mgunga. Kiliandikwa mwanamume au mwanamke, na idadi. Jina ungelijua Ijumaa.

Ni desturi nzuri ukiiandika. Ukiwa umesimama juani saa sita unusu, tumbo tupu, mkono umekufa ganzi kwa boliti, mzee wa miaka themanini na sita anakuwa ni mzee aliyezidisha kuishi. Nilikuwa nimeanza kupunja. Kwanza niliikata Salamu Maria katikati. Kisha nikaanza kukata kengele zenyewe, mbili, tano, siku nyingine saba. Nani angehesabu? Mapadri walikuwa kanisani. Wanafunzi walikuwa wakiosha mikono. Karibu nami kulikuwa na wanawake watatu wa jikoni tu, wameketi mlangoni wakichambua mbaazi kwenye ungo, na hao niliwachukulia kama sehemu ya ukuta. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo nilivyowaona. Mkubwa wao alikuwa mjane mnene mwenye sauti nzito, mkazi wa hapo chini ya mwinuko. Sote tulimwita Mama wa Jikoni, na siku za kawaida alitusimanga tukichelewesha sahani. Siku za mafungo yeye na wenzake walikatazwa kutusemesha.

Jumanne, siku ya pili ya mafungo, nilikwenda kwenye mgunga kupiga kengele ya saa sita. Nilipomaliza Malaika wa Bwana nikafungua kijisanduku kama kawaida. Kikaratasi kilikuwamo, kimekunjwa mara mbili na kina unyevu kidogo, nami nikadhani ni jasho la Padri. Kilisema: Mwanamke, 52.

Nakumbuka nilikunja uso. Hamsini na mbili ni nyingi. Chakula kilikuwa kinanukia, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, chakula chetu cha kila siku ambacho hata ukikichukia, ukiwa na njaa unakisamehe. Nikaanza kugonga. Jua lilikuwa kali, reli ilikuwa ya moto nikiikaribia. Wanawake wa jikoni walikuwa mlangoni na ungo wao. Nilisali nusu Salamu Maria, nusu Salamu Maria. Nilipofika thelathini mkono wa kulia ulichoka nikahamia wa kushoto. Nilipofika arobaini na tatu niliona wenzangu wakiingia bwaloni. Nikaifunga boliti mahali pake, nikaenda.

Sikumfikiria mama hata mara moja. Watu hupenda kusimulia kwamba moyo wao uliwagutusha saa ile ile. Wangu haukugutuka. Nilifikiria muthokoi.

Tulikula kimya, tukisomewa maisha ya mtakatifu fulani na padri kijana aliyekuwa na mafua. Sahani yangu niliipokea dirishani kutoka kwa Mama wa Jikoni mwenyewe. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Nilidhani amekosea, nikaondoka haraka asije akagundua. Nilipofika katikati ya chakula, kijiko kiligusa kitu laini. Chini ya muthokoi kulikuwa na yai la kuchemsha, limemenywa.

Hatukuwa tukipewa mayai. Kwaresima ilikuwa Kwaresima. Nilitazama sahani ya jirani yangu, haikuwa na yai. Nikalifunika na muthokoi, nikalikata vipande humo humo ndani, nikalila kwa kuinamisha kichwa. Nilijiona mwenye bahati. Nilifurahi, kwa kweli, mchana kutwa nilikuwa na furaha ya mtu aliyemshinda mwenzake.

Jumatano, Alhamisi. Niliihesabu Jumamosi ikija.

Ijumaa baada ya baraka ya mwisho kimya kilifunguliwa, na wenzangu wakaanza kupiga kelele kama kawaida. Padri Mkuu akaniita ofisini. Alifunga mlango. Aliniambia niketi, nami nikaketi, na kabla hajafungua kinywa nilijua, kwa sababu hakukaa nyuma ya meza. Alikuja akakaa upande wangu, kiti kando ya kiti.

"Mama yako alifariki Jumanne alfajiri," alisema. "Mjomba wako alikuja na baiskeli. Nilimwambia utakuja mafungo yakiisha. Nimemwombea kila siku kwenye misa. Nilifikiri kimya kitakutayarisha."

Nilisubiri nisikie kitu ndani yangu. Hakikuja. Nilikuwa natazama kiatu chake, kamba ya kushoto ilikuwa imefunguka. Nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Ndiye yule wa Jumanne, Fadha? Wa hamsini na mbili?"

"Ndiye. Umri niliuona kwenye fomu yako."

Kwenye fomu, nilipojiunga, nilikuwa nimejaza hamsini. Nilibuni. Nyumbani hakuna aliyejua mama alizaliwa lini. Padri Mkuu akaongeza miaka miwili iliyokuwa imepita tangu hapo, na ndiyo maana idadi ile haikuniambia chochote. Nilikuwa bado nalipanga hilo kichwani aliponiuliza, taratibu sana, "Nani alipiga kengele wiki hii?"

"Mimi, Fadha."

Alivua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nadhani mpaka dakika ile hakuwa ameunganisha mambo hayo mawili, mpiga kengele na mwana wa marehemu. Alikuwa mtu mwema aliyeishi ndani ya ratiba. Ningeweza kumwambia kwamba zilipungua tisa. Sikumwambia. Nilimwambia, "Kamba ya kiatu imefunguka, Fadha," nikatoka.

Nilifika nyumbani Jumamosi, kama nilivyoahidi. Kaburi lilikuwa upande wa chini wa shamba, kwenye tuta la mwisho alilolichimbisha, limefunikwa matawi ya miiba ili mbuzi wasilikanyage. Baba alikuwa ameketi nje akisuka kamba ya katani. Hakusimama.

"Tulizika Jumatano," alisema. "Tulingoja hadi saa nane, labda ungebadilisha nia."

"Nia gani, baba?"

"Mjomba wako alituambia umesema unamaliza mafungo kwanza."

Nikamweleza. Sikuambiwa. Mjomba aliongea na Padri, hakuongea nami. Maneno yale yalikuwa ya Padri. Baba alitikisa kichwa kukubali kama mtu anavyoikubalia redio, akaendelea kusuka. Mjomba, alipoulizwa, alisema kwamba Mzungu alisema "atakuja mafungo yakiisha", na yeye akaelewa kwamba mimi niko chumba cha pili na ndivyo ninavyotaka. Angewezaje kufikiri vingine? Kwa watu wetu hakuna anayemficha mtu kifo cha mama yake. Jambo hilo halikuwamo kabisa kichwani mwake. Baba niliishi naye miaka mingine mingi ya likizo na sikukuu, na sijui mpaka leo kama aliniamini.

Akina mama wa mwethya walikuja kunipa pole. Mmoja aliniambia kwamba mama aliendelea kuuliza siku. "Leo ni siku gani? Jumamosi bado?" Jumatatu jioni aliuliza, wakamwambia Jumatatu. Akasema, "Hiyo Jumamosi ni mbali."

Nilisikia maneno hayo nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Nikanywa chai. Sikulia siku ile wala siku iliyofuata, na watu walianza kunitazama vibaya. Shangazi yangu mmoja alisema, mbele yangu, kwamba elimu ya Wazungu inakausha macho. Nilikuwa kama mkono ule uliogonga reli muda mrefu: unauona uko pale, unafanya kazi, lakini ukiubana hausikii.

Nilirudi chuoni nikamaliza. Niliomba kuondolewa kwenye kengele, Padri Mkuu akakubali kabla sijamaliza sentensi. Nilifaulu Kilatini. Baadaye nilipata kazi Nairobi ya kusahihisha vitabu vya shule, kazi ya kutafuta kilichokosewa na kilichopungua, na nimeifanya maisha yangu yote. Nilioa, nikapata watoto. Kila mahali niliposikia kengele, ya kanisa, ya shule, hata ya mwuza aiskrimu, nilijikuta nahesabu mpaka arobaini na tatu. Kengele tisa. Sikuwahi kumwambia mke wangu. Ungemwambiaje mtu? Nilimkata mama yangu kengele tisa kwa sababu ya muthokoi.

Miaka ya tisini nilitumwa Ukambani kwa kazi, kutembelea shule zilizotumia vitabu vyetu. Moja ilikuwa sekondari ya wasichana upande wa Kasikeu, na nilipopanda ule mwinuko ndipo nilipotambua ni wapi. Chuo kilikuwa kimefungwa miaka mingi nyuma, mapadri wameondoka, Padri Mkuu amefia kwao. Majengo yalikuwa yamepakwa rangi. Reli ilikuwa bado kwenye mgunga. Na mlangoni pa jiko, Mama wa Jikoni, sasa mzee sana, mnene bado, alikuwa ameketi kwenye gunia akichambua mbaazi kwenye ungo. Walikuwa wamempunguzia kazi lakini alikataa kwenda nyumbani.

Nilimsalimia. Alinitazama kwa muda, mkono juu ya macho.

"Wewe ni mtu wa kengele," alisema.

Nikakubali. Akaniambia niketi, nikaketi kwenye ukingo wa saruji. Tukaulizana habari. Kisha, bila kuniandaa, huku vidole vyake vikiendelea kutenga mbaazi mbovu, akasema, "Ile siku ya mama yako ulipiga arobaini na tatu."

Nikaweka begi la vitabu chini.

"Sisi tulikuwa tunahesabu zote. Kila kengele, mbaazi moja kando. Jioni tunaziombea, moja moja, halafu tunazirudisha kwa sufuria. Ulikuwa unapunguza sana, wewe. Lakini tulikuwa tunasema, ni kijana, ana njaa."

"Mlijua alikuwa mama yangu?"

"Si mjomba wako alikunywa uji hapa jikoni? Alikuwa analia. Sisi ndio tulimpea maji ya kunawa uso." Akaacha kuchambua. "Na hiyo karatasi, Fadha alinipea mimi nikuje niweke kwa sanduku. Nilisoma hiyo hamsini na mbili, nikakaa nayo kwa aproni kutoka saa tano. Nilikuwa nafikiria nikuitie kando nikuambie. Nilikuwa nafikiria nichome kwa moto, useme hakuna kitu. Lakini nilikuwa na watoto na hii kazi. Nikaogopa Fadha. Nikaweka."

Unyevu wa kikaratasi haukuwa jasho la Padri.

"Basi tukakaa hapa tukikuangalia ukipiga. Unapiga mama yako na hujui. Mwenzangu mmoja alishindwa akaingia ndani. Tukasema, sasa tutamfanyia nini huyu mtoto? Mdomo tumefungwa. Nikaenda kwa nyumba yangu hapo chini, kuku alikuwa ametaga. Nikakuchemshia yai." Alinitazama usoni. "Ulilipata?"

"Nililipata, mama."

"Ulikula?"

"Nilikula lote."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akilingojea jibu hilo kwa muda mrefu. Kisha akaona, nadhani, kwamba bado kuna kitu kimenikwama, maana alinyoosha mkono wake akautia kwenye ungo, akachota mbaazi kidogo kiganjani akanionyesha.

"Na zile tisa usijisumbue," alisema. "Jioni hiyo sisi tulizimalizia."

Hapo ndipo nilipomlilia mama yangu. Nililia kwa sauti, suti ya ofisi na begi la vitabu na yote, mpaka wasichana wawili waliokuwa wakipita na ndoo wakasimama kutazama, na mama yule mzee akawapungia mkono waende zao. Hakuniambia ninyamaze. Aliendelea kuchambua mbaazi zake, akaningoja, na nilipomaliza akaniuliza kama nimekula.